Sikio la kushoto la Ngoy

Jumamosi. Kamina imeamka na mvua, na mimi nimeamka na woga ambao siujui umetoka wapi.

Leo nimetengeneza sauti ya kidude cha MP3 cha marehemu mdogo wangu, Ngoy. Natamani ningeiacha ilivyokuwa.

Tulipomaliza matanga, wajomba waligawa vitu vyake. Mimi nikapewa hiki kidude alichorekodia mazoezi ya kwaya yetu ya parokia. Nikakifungia sandukuni. Mama hakupenda.

"Kitu ya mufu banatumikisha," alisema, yaani cha marehemu hutumiwa, hakifungiwi. "Ukifunga, atakuya kutafuta."

Tena alitaka kitu kimoja tu: kusikia sauti ya mwanawe. Lakini kila nilipokitoa akasikiliza, aliwasikia waimbaji wote isipokuwa yeye, nao kama wanaimbia ndani ya mtungi.

Basi asubuhi nikaanza kazi. Tundu la waya lilijaa vumbi letu jekundu, nikalisafisha kwa pamba na alkoli. Nikaishusha besi, maana Ngoy aliipenda besi kuliko chakula na aliipandisha mpaka mwisho. Nikaazima kwa jirani spika nzuri za masikioni. Sauti ikatakata, nikasikia hata karatasi za nyimbo zikifunuliwa. Ila upande wa kushoto, kimya.

Nikaingia kwenye mipangilio. Balansi, ile inayogawa sauti kati ya sikio la kushoto na la kulia, ilikuwa imesukumwa yote kulia.

Surua ya utotoni ilimwachia Ngoy sikio moja tu, la kulia. Bila shaka alidhani akisukuma huko, sauti yote itahamia kwenye sikio zima. Kumbe aliizima ya kushoto. Na kwenye mazoezi alikuwa akisimama upande huohuo wa kushoto wa mashine hii, karibu kabisa. Siku zote alinung'unika kwamba mashine haimshiki. Tulimtania: huimbi weye, unafungua mdomo tu!

Nikairudisha balansi katikati.

Alikuwa humo.

Besi yake nzito, na pumzi yake sikioni mwangu. Wimbo ulipoisha aliuliza polepole, "Niko nasikilikana?" Hakuna aliyemjibu. Watu walikuwa wanacheka na kupanga viti.

Nikampelekea mama. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema walioziba masikio:

"Eh papa, unasikilikana. Uko wapi?"

Papa ndivyo alivyomwita tangu akinyonya. Nilidhani atalia, ningejua la kufanya. Hakulia. Aliniagiza nimwonyeshe kitufe cha kurudisha nyuma.

Sasa ni jioni. Bado amekaa palepale mlangoni. Ngoy anauliza, mama anajibu, kisha ananyamaza kidogo ili ampe nafasi ya kusema. Sijui anasikia nini katika nafasi hiyo, na naogopa kumuuliza.

Umeme hatuna tangu juzi. Chaji inakaribia kwisha.

Mimi njo nitamwambia nini?