Mpiga Kasia wa Luiche

Alhamisi, 12 Juni

Maji ya mto Luiche yamepungua. Mimi na Nestori tumefyeka matete ili mtumbwi upite. Yangeyange, wale ndege weupe, wamejaa kwenye mafunjo. Keshokutwa tunapokea walimu wa kambi ya wakimbizi, wamepata kibali cha kutoka siku moja. Warundi wenzake. Nestori kafurahi, ingawa si msemaji. Alivuka ziwa peke yake baada ya nyumba yake kuchomwa. Aliambiwa mke na mtoto waliteketea humo. Huku tunatembeza wageni kutazama ndege: yeye ni kasia, mimi ni darubini na maelezo.

Jumamosi, 14 Juni



Walimu walikuja wachangamfu. Mwalimu Gabrieli na mkewe Spesioza walikaa mbele. Nestori husukuma kwa nyuma, hupanda wa mwisho. Nilikuwa nawaonyesha mdiria, namna anavyosimama hewani kabla ya kujitupa majini. Ndege akaruka kupita vichwa vyetu. Spesioza akageuka kumtazama. Akapiga ukelele, mtumbwi nusura upinduke.

"Nestori! Nilikuzika!"

Nestori ni mumewe. Wa ndoa ya kanisani! Spesioza alipewa maiti isiyotambulika, imevaa koti la Nestori. Koti ambalo Nestori alinyang'anywa njiani akikimbia.

Mkono wa Gabrieli ulikuwa begani kwa mkewe. Akauondoa. Nestori mwenyewe ndiye aliyegeuza mtumbwi. Aliuliza neno moja tu kwa Kirundi, na Kiha changu kikatosha kuelewa. Mtoto yu hai?

Gabrieli ndiye aliyejibu. "Yu hai. Namfundisha mwenyewe. Ananiita baba."

Nestori akapiga kasia mpaka Ujiji.

Jumapili, 15 Juni

Nimemuuliza Nestori kama hakumtambua Spesioza mapema. Alimtambua. Kwa kicheko, kabla hata hatujaondoka.

"Nilitaka acheke kidogo tena, Dada Tatu."

Mimi ningepasuka.

Jumatano, 18 Juni

Nestori hajaonekana tangu juzi. Wageni nimewarudisha. Naogopa. Nimepita ufukweni nikitazama maji, najichukia kwa ninachokitafuta.

Alasiri nimemkuta kwake Bangwe. Amekaa, hajala. Nimempikia uji, nikamsimamia mpaka akamaliza. Nimelia njia nzima kurudi.

Jumamosi, 21 Juni

Gabrieli kaja na mtoto. Spesioza hayupo. Nilidhani kaja kwa ugomvi. Alitaka tu kuonyeshwa nyumba ya Nestori. Njiani akaniambia Spesioza amelia wiki nzima, kisha ameamua. Atabaki na Gabrieli. Lakini mtoto ajue baba yake ni nani, na aje kila kibali kikipatikana.

Nestori alipofungua mlango hakumgusa mtoto. Alichuchumaa. Mtoto akamwamkia kwa Kirundi, kama anavyomwamkia mgeni yeyote, "Amahoro." Nestori akaitikia. Kisha akaleta maji, akamnawisha mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Gabrieli akatoka nje. Nikamfuata, tukakaa kibarazani. Uso ameuinamisha. Nikamsogezea mkeka.

Ndani mtoto alianza kuuliza maswali.