Meneja Hamalizi Chai

4 Mei

Dada yangu kipenzi,

Na pazia lenyewe ndilo hilo nililokuwa nakusimulia simu ilipokatika! Jekundu. Fundi kalitundika mwenyewe, kasimama juu ya ndoo, ndoo ikateleza, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mgongo wako vipi lakini? Mimi mzima kupita kiasi.

Dada, kuolewa ni kutamu! Wiki ya tatu hii, na bado nikiamka namtazama amelala mdomo wazi, nasema moyoni: huyu ni wangu, na mkoromo wake wote. Ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi. Nani angejua kwamba mapenzi yangu yangeanzia kwenye mashine ya kufulia ya kituo chetu cha watoto, katikati ya shuka za mikojo?

Watoto hawajambo? Meneja bado anawapanga wenzake mstari na miaka yake mitano? Nibusie shavu lake.

Mdogo wako, bibi harusi

11 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana nikikaa nasinzia. Mgongo upo palepale. Nimefurahi kwa furaha yako, kweli, ila mashine ya kufulia imekufa tangu utuchukulie fundi wake. Watoto thelathini na mmoja, shuka tunafua kwa mikono, mimi na mpishi. Upele umerudi chumba cha wadogo. Kila jioni napaka dawa migongo kumi na minne. Nafasi yako hawajaweka mtu.

Meneja hajampanga mtu mstari tangu uondoke. Unajua utaratibu wetu: mlezi akiacha kazi haagi. Anapitia mlango wa jikoni watoto wakiwa mezani, pasiwe na kilio. Yeye alikuona. Ulimwambia nini? Maana kila asubuhi anabakiza chai kidogo kikombeni, na mpishi akitaka kuosha anapiga kelele: "Sijamaliza! Amesema atarudi kabla sijamaliza!"

Jumanne afisa wa ustawi alimleta shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Ametafutwa mwaka mzima huyo mama. Mtoto akajificha chini ya kitanda, hatoki mpaka wewe urudi. Shangazi akaniambia, "Asiyenitaka sitamburuta," akaondoka analia. Atakuja mara moja tena, tarehe thelathini. Ikishindikana, Meneja anahamishiwa kituo cha wakubwa, kwa sababu Juni anatimiza sita. Huko kwenye wakubwa hakuna shangazi anayefika.

Njoo umuage.

Dada yako

15 Mei

Dada yangu,

Pole na mgongo, pole na upele, pole na shuka. Jamani Meneja wangu! Nimelia mpaka Fundi akazima redio.

Ila kuja sasa hivi, sijui nisemeje. Ndoa bado mbichi, dada. Ndugu zake wanakuja kila siku kunitazama kama gauni la dukani, na Fundi nisipokuwepo hali, anakaa tu na sahani. Huwezi kumwambia Meneja nimepata kazi mbali? Au naumwa kidogo, nikipona nitakuja? Wewe unajua kusema nao.

Namtumia kigauni cha njano chenye mifuko miwili. Anapenda mifuko.

Mdogo wako akupendaye

19 Mei

Mdogo wangu,

Kigauni kimefika. Akakivaa, akaenda kusimama dirishani. "Ametanguliza nguo," akawaambia wenzake, "yeye yuko njiani." Hakutoka pale mpaka chakula cha jioni.

Sitamwambia unaumwa. Nina miaka kumi na tisa hapa, na wanaosubiri watu madirishani wengi niliwadanganya mimi, kwa mdomo huu. Mkono ukichoka kufua unaupumzisha. Mdomo uliochoka kudanganya sijui niupumzishe wapi.

Ukinyamaza sitakulaumu. Nitajua tu.

Dada yako

24 Mei

Dada yangu,

Leo siulizi mgongo, najua utajibu nini.

Barua yako nilimsomea Fundi. Nilidhani atanitetea. Akauliza, "Kwani ulimwambia unakwenda wapi?" Nikasema, kupima gauni la harusi, narudi hujamaliza chai. Akaweka bisibisi chini. "Kwa hiyo sisi tunakata keki, mwenzetu analinda kikombe." Nikamwambia, "Basi nikaripie tu!" Akasema, "Nikukaripie ili upate cha kulilia? Panga nguo."

Nikueleze ukweli. Si ndugu zake. Wala Fundi hakosi kula, anakula kama watu wawili. Ni mimi. Naogopa ataniita mama, halafu itabidi nimwambie mimi siye. Nina raha sana humu ndani, dada, sijawahi kuwa na raha kama hii, na niliona akinitazama kwa yale macho raha itapungua. Basi ipungue. Imejaa mno, hata ikipungua itabaki.

Nimejifunza maneno nikipiga pasi: nimeolewa, nakaa na mume wangu, sirudi kuishi hapa, na haikuwa kosa lako. Ataning'ata, yule huwa anang'ata. Nitamwacha ang'ate. Nimeomba afisa amwite shangazi aje mapema, siku nitakayofika mimi, nimfungie mtoto kamba za viatu mbele yake, aone anavyopenda zifungwe. Tarehe thelathini Meneja atakuwa anajua anakwenda na nani, na nani haji tena.

Usimwambie kwamba ninakuja. Amesubiri vya kutosha.

Jumamosi hii, tarehe ishirini na saba, basi la kwanza la asubuhi. Kabla mwezi haujaisha utaniona, dada.

Mdogo wako