Weji ya Afande Okiror

Jumapili, Jinja. Mvua ya asubuhi imekatika lakini uwanja bado umelowa, nami sikwenda kucheza. Nimekaa barazani na fimbo isiyo yangu mapajani.

Jana nilikuwa Mbale, kwa Afande Okiror. Ni askari magereza mstaafu, mwenzangu wa gofu tangu alipokuwa akifanya kazi huku Jinja. Kiharusi kilimpata baada ya Idd. Mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja, kama mtu anayejichomoa miiba.

Mimi, niseme ukweli, ni muuza spea mwenye tumbo kubwa na mchezo mdogo. Mipira mirefu napiga kama watu. Lakini nikikaribia shimo, nikashika weji, ile fimbo fupi ya kuinua mpira, hapo aibu huanza. Nachimba ardhi. Mpira unabaki umekaa, nyasi ndizo zinaruka.

Uwanja wetu uko karibu na Nile, na una desturi ya zamani: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauokota na kuuweka pembeni bila adhabu. Kila nikichimba, nilidai ni kiboko. Afande alisimama juu ya shimo langu, mikono kiunoni: "Hajji, huyu kiboko amevaa viatu vyako."

Halafu alinifundisha upya. Uzito mguu wa kushoto. Mikono itangulie. Gonga mpira kwanza, ardhi baadaye. Usiuinue, fimbo yenyewe itauinua. Na kichwa, kichwa! "Unatafuta nini huko juu? Mpira uko chini, bwana." Akaniahidi kwamba siku nitakayopiga mmoja safi mbele yake, weji yake ni yangu. Tulicheka sana. Alijua fimbo iko salama.

Jana mkewe, Mama Akol, alimtoa nje kwenye kiti, nyuma ya nyumba yao pale Nkoma. Afande akaonyesha weji iliyoegemea ukuta, kwa mkono wa kushoto. Mama Akol akaweka beseni la kufulia karibu na migomba, liwe shabaha.

"Anataka upige, Hajji. Tangu asubuhi anasumbua na hiyo fimbo."

Wa kwanza nilichimba. Afande akakunja uso, akahangaika na mdomo, hatimaye likatoka: "Ki... bo... ko."

Tulicheka mpaka Mama Akol akafuta macho. Kisha Afande akaashiria: tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikipiga vizuri, fimbo inaondoka nyumbani kwake. Na mtu anayetarajia kurudi uwanjani hagawi fimbo yake.

Nikapania kukosea. Mimi, bingwa wa kukosea! Lakini macho yake yalikuwa kwangu na sikuweza kuyatazama, basi nikabaki nimeinamia mpira, kichwa chini, nikapiga.

Nikasikia beseni likilia.

Afande hakushangilia. "Enda nayo," akasema. Maneno mawili, bila kukwama.

Mama Akol aligeuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Leo nimeifuta fimbo udongo wa Nkoma, halafu nikajuta kuifuta. Jumamosi nitairudisha kule nyuma ya nyumba, nichimbe kwa makusudi, anitukane mpaka achoke.

Nitaweza kweli kukosea, na yeye ananitazama hivyo?