Pasaka Bila Makaburi Yetu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kusalimia hata nyumba iliyofungwa, basi pokea.

Leo ni Ijumaa Kuu, mchana, na situlii. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena, mpaka kuku wananishangaa. Tarumbeta la baba liko mezani hapa, nimelisugua kwa majivu hadi linang'aa. Keshokutwa alfajiri lazima lipulizwe, na mpulizaji ni mimi peke yangu, na mpaka sasa sijui nitasimama nalo wapi. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Walio hai wameshanichosha.

Tulipokuzika hukujua kama tutahama. Hata sisi hatukujua. Tulikuwa tumemaliza tu kuvuna, operesheni ya vijiji ikatufikia. Lori likaja, tukaambiwa kijiji chetu cha Isenga basi, twende tukakae na wenzetu kando ya barabara ya Ipole, kwenye kijiji cha Ujamaa kiitwacho Umoja. Tulipakia vyungu, mizinga ya nyuki, kuku, hata mabati ya kanisa tuliyabandua. Makaburi hayapakiwi, mama. Nilikaa juu ya magunia nikiangalia nyuma, lori likakata kona, basi.

Huku si kubaya, nisikudanganye. Kuna shule, na kuna pampu ya maji ambayo ungeipenda, maana ungepata watu wa kuwasema. Tuko na Wakatoliki waliotoka ng'ambo ya mbuga, na Waislamu wachache, mmoja fundi cherehani wa Kanyenye anayetushonea kwa maringo ya mjini. Ila sisi Wamoravian bado tunajiita Ushirika wa Isenga, na Isenga siku hizi wanaishi nyani. Kuna watoto wamezaliwa hapa, wanabatizwa kwa jina la mahali wasipopajua.

Sasa imefika Pasaka ya kwanza, na hapo ndipo kasheshe. Sisi tangu lini tukasherehekea ufufuo bila makaburi? Unajua tulivyokuwa. Kabla ya jua natembea na tarumbeta kuamsha nyumba hadi nyumba, kisha wote makaburini, tunalingojea jua katikati ya watu wetu, tunawatangazia kwamba Bwana amefufuka. Na wewe ulikuwa unanivuta mkono langoni. Wazee walitaka nianzie kwa waanzilishi wa kanisa, wewe ukinipeleka kwenye kaburi jipya kuliko yote, hata likiwa la kichanga. Ulilisalimia Kinyamwezi, "Mwangaluka," halafu ukaniambia, "Piga. Anza na mgeni, hajazoea giza." Mwaka mmoja Mzee Mihayo aliguna kwa sababu babu yake amerukwa. Ukamgeukia: "Babu yako ameshazoea, atangoja." Nilicheka mpaka pumzi ya kupulizia ikaniishia.

Huyo huyo Mzee Mihayo ndiye aliyesimama kwenye kikao cha kanisa. Anataka kesho tufunge safari, tulale Isenga, jua litukute na wafu wetu. Alisema kanisa lililowaacha wafu wake ni mkutano wa hadhara tu, tungoje mwenyekiti wa kijiji atupe ajenda. Watu wakaitikia. Akasimama mwinjilisti wetu, Yeremia, kijana lakini kichwa anacho. Akasema njia imezibwa na nyasi, mbung'o wamejaa, wajawazito na watoto hawafiki. Tena akasema tukirudi kila mwaka, huku hatutafika kamwe. Watu wale wale wakaitikia. Ndivyo tulivyo.

Sasa kila upande unapita kwangu kuliulizia tarumbeta. Wazee wanaondoka kesho asubuhi, na bila tarumbeta ni matembezi tu. Wa huku nao bila tarumbeta ni watu walioamka mapema. Mzee Mihayo aliniambia, "Mama yako atakungojea." Alinichoma. Yeremia akasema watoto hawa wakikua hawajalisikia hapa, watadhani kanisa la wazazi wao liko porini. Naye alinichoma.

Na mimi nataka kuja, mama. Nasema wazi. Nataka kuling'olea magugu kaburi lako kwa mikono yangu, nikae hapo, nikuambie umbea wote. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Lakini kuna Veronika.

Huyu alikuwa jirani yangu wa huku, mlango kwa mlango, bibi wa Kikatoliki mwenye mdomo kama wako. Mngegombana kutwa na kupikiana jioni. Siku moja kwenye pampu aliniuliza, "Eti nyie Pasaka mnaamsha wafu?" Nikamweleza. Akacheka, ndoo ikamwagika. "Basi nikitangulia, uniamshe na mimi. Padre wetu ana vijiji vingi, atanifikia jua liko utosini." Nikasema haya, bibi, tumekubaliana. Utani wa pampuni.

Masika haya haya homa ikamchukua. Padre alikuja na baiskeli, akamzika mwisho wa shamba la kijiji. Ndilo kaburi la kwanza Umoja, na mpaka leo ndilo pekee. Nalipita nikienda kwenye tumbaku. Hana jirani, mama. Kushoto mahindi, kulia mahindi.

Sikumwambia mtu habari za utani ule. Jana mumewe, Mzee Paskali, akaja, akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mikononi wee. Mwisho akasema, "Marehemu aliniambia mna ahadi." Nilimpa uji, akanywa, akaenda zake.

Nimeiacha kalamu hapo, nikaenda mlangoni kulia kidogo. Sasa nimerudi. Ajabu, nimekuandikia karatasi nzima nikitafuta jibu, na jibu lenyewe nilishaliandika kule juu, kwa maneno yako.

Anza na mgeni.

Basi nitabaki. Keshokutwa nitawapeleka mwisho wa shamba, watakaotaka kunifuata. Mzee Mihayo atasema, "Kwa Mkatoliki?" Nitamwambia udongo haujauliza kadi ya ubatizo. Kama tunataka kuwa kanisa la hapa, tutaanza na aliyelala hapa. Baada yake watakuja wetu, mmoja mmoja, hilo halina haraka. Nitamsalimia kama ulivyonifundisha, halafu nitampigia, tena nitapiga vizuri, maana Veronika hakupenda kelele.

Kwako kutakuwa kimya. Hilo ndilo linaloniuma, na litaniuma keshokutwa wakati napuliza. Kesho wakiondoka nitampa Mzee Mihayo jembe langu akupalilie. Atanuna, lakini atapalilia, na wimbo atakuimbia kwa sauti yake ile ya kukwaruza. Mvumilie.

Kiangazi nyasi zikishaungua na njia ikionekana, nitakuja na tarumbeta, hata kama si Pasaka, nawe ndiye nitakayekupigia kwanza. Nimeahidi, na unajua mwanao akiahidi.

Lala salama, mama. Usininunie. Wewe umeshazoea, utangoja.

Mwanao,
Elizabeti