Kitambaa cha Sukari

Munisagara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo, mahindi yamebeba, babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeuliza kama ni vibaya mtoto kulala na chupa ya chai ya sukari, kwa kuwa akinyimwa hulia. Ndiyo, ni vibaya; mbembeleze tu bila chupa. Vijino vyake vifute kwa kitambaa kibichi kabla hajalala.

Mimi, nikienda shamba la ujamaa, nilikuwa nikimwachia mama yako, angali mchanga, kitambaa kilichofungwa sukari, anyonye anyamaze. Sukari ilikuwa adimu, nikajiona mama bora. Meno yakaoza, wenzake wakamcheka.

Ya ukubwani yaliota meupe kabisa. Lakini mtazame akicheka: mpaka leo hufunika mdomo kwa kiganja.

Bibi yako