Mkono wa Abdulhafidh

Jumapili, 15 Februari 2004

Baada ya chai nimemjazia Baba fomu ya green card. Jina Abdulsamad, kuzaliwa Mombasa, 1937 — sawa. Tukafika pale pa baba mzazi: kama amefariki, alifia mji gani, nchi gani. Baba akasema, andika baharini. Nikamwambia fomu yataka mji.

"Bahari haina mji, Mwatime. Andika hivyo hivyo."

Hadithi naijua tangu mdogo. Babu Abdulhafidh alikuwa baharia, akitia makaa kwenye meli za Waingereza. Aliondoka Baba akiwa na miezi sita. Mwaka 1942 baharia mmoja akaleta barua nyumbani kwetu Kibokoni: meli imepigwa, Abdulhafidh kafa maji, mkewe akae eda. Bibi Mishi akakaa. Baadaye akaolewa na mshonaji kanzu, wakamzaa Shangazi Hadiya, yule aishiye Garland, saa nne kwa gari. Basi, imekwisha.

Kila Ijumaa Baba humsomea babake Yasini. Afaye maji ni shahidi, na Baba huwaambia hata watu wa msikiti wa mtaani kwetu hapa Sharpstown: mimi mtoto wa shahidi.

Ule mstari nimeuacha wazi. Kazi yangu kutwa ni kutafuta mafaili ya wagonjwa ambao majina yao yameandikwa vibaya. Nitatafuta na hili.

Jumanne, 17 Februari 2004

Saa ya lunch nilitumia kompyuta ya ofisi. Kuna orodha ya mabaharia waliokufa vitani. Nimemtafuta kwa kila tahajia — Abdul Hafid, Hafeez, Hafiz. Hayumo.

Nikajaribu Hafeed. Ikatokea page ya watu wa Barry, mji wa bandari huko Wales. Ni wazee wanaotafuta nasaba za familia zao, wameandika majina yote ya makaburini kwao, safu kwa safu. Safu ya mwisho: Abdul Hafeed, baharia, mzaliwa wa Mombasa. Alikufa Novemba 1961.

Yaani miaka kumi na tisa baada ya kufa.

Jeptoo, nesi wetu, alikuwa nyuma yangu na sahani yake ya wali. Akasema labda ni mwingine, Abdul ni wengi. Kweli ni wengi. Nimewaandikia hata hivyo.

Alhamisi, 4 Machi 2004

Barry wamejibu. Mama mmoja anaitwa Olwen, anajitolea pale siku mbili kwa wiki. Ameandika kama mtu anayenielekeza duka la mkate: marehemu aliishi mtaa wa tatu kutoka kwake, ameacha binti, binti yupo, alikuwa mpishi wa shule, amestaafu. Ameuliza kama ampe anwani yangu.

Nilikaa na ile email mpaka simu ya kaunta ikalia mara mbili. Nikajibu, mpe.

Jumamosi, 6 Machi 2004

Binti anaitwa Eirlys. Amezaliwa 1946. Ameandika kurasa mbili bila kupumua.

Babake alikuja Barry na meli ya makaa, akaugua mapafu, akabaki. Akaoa 1944. Mamake Eirlys aliitwa Megan. Babake akafanya kazi bandarini, akaacha bahari kabisa. Hakuzungumza habari za kwao. Alisema tu alikuwa na mke Mombasa, na mke huyo alifariki kwa homa. Mtoto hakumtaja.

Kumbe kila upande alimuua mmoja.

Ameleta picha. Kofia ya Kizungu, koti zito, na masikio ya Baba. Siwezi kusema ni mwingine tena. Pia ame-scan ukurasa wa daftari la babake. Kaandika kwa herufi za Kiarabu, na kule hakuna aliyeweza kuusoma. Kila mtu alimwambia ni Kiarabu, na kila Mwarabu alimwambia si Kiarabu. Ananiuliza kama najua ni lugha gani.

Baba yuko sebuleni anaangalia mpira. Sijamwambia.

Jumatatu, 22 Machi 2004

Nimeusoma ule ukurasa. Imenichukua wiki mbili, madrasa niliacha zamani. Ni Kiswahili chetu. Vitu vya kununua Cardiff, mji wa jirani: hiliki, pilipili manga, uzi mweusi. Dawa ya kifua. Halafu chini, peke yake: "Abdulsamad sasa yapata miaka kumi na tano." Mwaka ni 1952.

Nimempigia Shangazi Hadiya, Garland. Nilidhani atalia. Akauliza tu, Baba ameshajua? Nikasema bado.

"Usimwambie. Njoo na hiyo karatasi kwanza."

Jumamosi, 3 Aprili 2004

Garland kwenda na kurudi. Nilimwambia Baba nakwenda kumuona Shangazi goti lake. Barabara kuu ya I-45 imejaa maua ya bluu kando kando, watu wameegesha magari wanapiga watoto picha.

Shangazi alikuwa anasomesha watoto watano juzuu sebuleni. Alipowamaliza akafunga mlango. Nikampa ukurasa wa Eirlys. Hakuusoma. Aliutazama tu vile mtu anavyotazama uso, akaingia chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mna ile barua ya 1942. Sikujua kuwa ingaliko.

Akaziweka kando kwa kando. Herufi kafu yenye mkia mrefu, mimu iliyofumba. Hata asiyejua kusoma angeona.

"Mkono mmoja," nikasema.

"Mkono wake. Aliiandika mwenyewe, akajiua kwa kalamu, akampa mwenzake ailete."

"Wewe ulijua lini?"

"Mama aliniambia akiwa kitandani, wiki ya mwisho. Yeye alijua siku ile ile, ilipofunguliwa. Angekosaje kuujua mkono wa mumewe? Alikuwa akimwandikia kila meli."

"Na akakaa eda?"

"Akasema, mtu akikuandikia kwa mkono wake kwamba amekufa, ameshakuacha. Akakaa miezi minne na siku kumi, ile ya mfiwa. Ni ndefu kuliko ya talaka, hakuna ambaye angemdai kitu mbele ya Mungu. Hakumwambia mtu. Wala baba yangu. Baba yangu alioa mjane, na akafa akijua alioa mjane."

Alikunja barua pale pale ilipozoea kukunjwa.

"Sasa wewe wamfufua," akasema. "Sawa. Kakangu atapata baba. Mimi je? Watu wakiuliza mamangu aliolewaje na mume wa pili ilhali wa kwanza yu hai, utawajibu wewe?"

Nikamuuliza goti.

Jumapili, 11 Aprili 2004

Ofisi imefungwa tangu Ijumaa, Pasaka. Eirlys ameandika tena. Nilikuwa nimemtafsiria daftari, pamoja na ule mstari wa Abdulsamad, na nikamwambia ni nani. Anasema ameusoma akiwa amesimama jikoni na hajui alisimama muda gani. Ana miaka hamsini na minane na ni leo anajua ana kaka. Mei atapasuliwa moyo. Anataka kusikia sauti ya kakake kabla.

Nikiwa bado kwenye kompyuta Baba akatoka chumbani, mkononi ana ile picha ya Barry niliyoichapisha. Niliiweka kwenye bahasha ya fomu yake — mahali pa kijinga kuliko pote. Alikuwa anatafuta kwa nini fomu haijatumwa.

"Nani huyu aliyevaa masikio yangu?"

Nikamwambia. Barry, mke, binti, kufa kwa kifua 1961. Ya barua sikumwambia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kaburi lina jina. Nikasema lina jina, ila limeandikwa vibaya.

"Walikosea meli," akasema baadaye, akiwa anakata kitunguu. "Wakati wa vita ule. Wamemchanganya na mwingine, wakatuandikia sisi. Naye kule akaambiwa sisi tumekufa. Miskini. Kila mtu amelia bure."

Alikuwa kama amechangamka. Akapika yeye.

Ijumaa, 16 Aprili 2004

Baba hakumsomea Yasini leo. Alifungua msahafu, akaufunga. Aliniuliza: aliyekufa kitandani kwa kifua, anahesabiwa vipi? Nikasema muulize sheikh. Akasema hapana, sheikh atauliza kwa nini.

Jumatano, 21 Aprili 2004

Simu na Eirlys imepangwa Jumapili, saa nne asubuhi yetu, saa kumi jioni yao. Baba amenunua kadi ya simu madukani Hillcroft, ameikwangua kabisa, namba ameiandika kwa herufi kubwa. Anajifundisha Kiingereza cha kuzungumza na dada asiyemjua. Namsikia bafuni.

Nimempigia Shangazi. Nikamwambia Baba amejitungia kwamba ni makosa ya vita, na anafurahi. Tumwache hivyo?

Akauliza: "Na yule mwanamke akisema neno moja la kuivunja hadithi yake, kaka atajua kwenye simu, mbele ya mgeni?"

"Huenda."

"Basi nakuja."

Jumamosi, 24 Aprili 2004

Shangazi amekuja kwa basi la mchana. Baba alimpokea kwa furaha, shikamoo na marahaba, mkoba akaubeba yeye. Alidhani amekuja kwa ajili ya simu.

Walikaa kwenye kochi. Mimi nilibaki jikoni ila mlango hauna komeo, na sikujaribu kutosikia. Shangazi hakuzunguka. Alisema, kaka, ile barua ya kifo ninayo, na nataka uione. Nikasikia kopo likifunguliwa.

Jirani wa juu alikuwa anaburuta kiti.

"Mwandiko mzuri," Baba akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa na miaka thelathini na moja hapa."

"Ndiyo."

"Mama alijua?"

"Siku ile ile."

"Nawe?"

"Tangu alipokuwa kitandani. Miaka ishirini na miwili."

Nilipotoka na chai Baba alikuwa ameishika barua mbali na macho, miwani ikiwa mezani. Shangazi alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, kama unataka kuniita mtoto wa nje, niite leo, hapa, mimi na wewe, usiniite kwa watu. Baba alimtazama kama amemtukana.

"Hadiya. Mama alikaa eda yake kamili. Nilikuwa na miaka mitano, mimi ndiye niliyemletea maji mlangoni. Mwache mtu aje aniulize mimi."

Shangazi alilia hapo. Baba hakulia. Aliinuka, akamtandikia chumba chake, mwenyewe akaweka godoro sebuleni. Nikamuuliza niahirishe simu ya kesho? Akasema yule ni mgonjwa, hana kosa, na kadi imeshakwanguliwa.

Jumapili, 25 Aprili 2004

Naandika kwenye shajara kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwa karibu na simu. Nilianza kuandika majina na tarehe anazotaja Eirlys. Sasa ameiweka simu kando, nina dakika moja au mbili.

Tulipiga saa nne na dakika tatu. Baba amevaa kanzu nyeupe. Alisema sentensi zake zote tatu bila kukosea — mimi ni kaka yako, nimefurahi, Mungu akupe afya. Eirlys alilia upande wake. Kisha Kiingereza cha Baba kikaisha, nikashika mimi, nikaiweka spika, nikawa natafsiri huku na huku. Shangazi amekaa karibu yangu, ameshika kona ya kanzu ya Baba kama mtoto. Eirlys amemsalimia pia. Ameuliza huyu ni nani wangu? Shangazi akasema mwambie mimi ni dada wa kakake. Eirlys akacheka.

Waliulizana vitu vidogo. Nani alimwosha alipokufa: Waislamu wa Cardiff, walikuja kwa treni. Alikuwa akisali? Chumba cha juu, mlango umefungwa. Alikuwa akila nini? Wali, kila Ijumaa, na majirani walijua kwa harufu.

Halafu Baba akaegemea nyuma. Nilidhani amechoka. Akasema, muulize kitu kimoja. Alikuwa baba mzuri?

Nikauliza.

Eirlys hakufikiri hata kidogo. Akasema oh, my darling, hakuna kama yeye. Alikuwa akimngoja kila siku nje ya geti la shule, mvua au baridi, na koti la pili mkononi. Watoto wengine walimwonea wivu. Hakuchelewa hata siku moja, akasema. Maisha yake yote, hata siku moja.

Kisha akasema nisubiri, nisikate, anapanda juu kuchukua picha aniambie kilichoandikwa nyuma. Nasikia hatua zake kwenye ngazi. Anapanda polepole.

Baba amenitazama tangu hapo.

"Amesema nini?"

Nikamwambia ameenda juu kuchukua picha.

"Si hilo. Lile la kabla."

Shangazi anajua Kiingereza. Ameshasikia. Ameweka mkono wake juu ya goti la Baba na anatazama ukuta. Baba ameegemea mbele, ameweka kiganja nyuma ya sikio, anasubiri nitafsiri.