Skrini ya Buluu Sebuleni

Jumatatu, 2 mwezi wa sita

Kompyuta imeanguka, skrini buluu tena. Katikati ya sentensi. Ule uso wa huzuni uliolala ubavu, na maneno ya Kifaransa ya kuomba radhi. Sitaki radhi ya mashine. Nataka aya zangu mbili zilizopotea.

Kazi yangu ya kumaliza masomo lazima imfikie msimamizi Ijumaa ya tarehe 20. Isipofika, nangoja mwaka mwingine, nikiendelea kupokea amri za mkurugenzi wa shule ambaye barua zake nazisahihisha mimi.

Kompyuta iko pale pale chini ya dirisha la barazani. Mume wangu ndiye aliyeiweka hapo, ili wapita njia wa Kasongo wajue tunayo.

Jumatano, 4

Shemeji Saidi alikuja. Mdogo wa mume wangu, fundi wa kompyuta wa ukoo mzima, kwa sababu aliwahi kwenda kujifunza Kindu akarudi na mkoba. Alipuliza vumbi. Alikunja uso. Akatamka: virusi.

Hapa kwetu virusi ni kama uchawi. Ukishindwa kujua, unautaja, na hakuna wa kukubishia. Alikunywa chai yenye sukari ya kutosha msiba, akaenda. Hajafika hata barabarani, buluu.

Ijumaa, 6

Nimeifungua mwenyewe. Nilitoa vijiti vya kumbukumbu, vile wanavyoviita RAM, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha kimoja kimoja. Asubuhi yote safi. Nikajisifu, hakuna mwingine wa kunisifu.

Alasiri buluu, mara mbili mfululizo. Mume wangu alikuwa kitini anatazama dari. Hakuuliza hata kumetokea nini.

Jumapili, 8

Nimepima betri ya jua. Nzima. Konvertisa, ile inayogeuza umeme wa betri, nzima. Nimevua kitambaa cha maua alichoivisha mume wangu, mashine ipate hewa. Haikusaidia.

Jambo moja nimeliona: asubuhi haianguki. Ni alasiri tu. Labda joto, kiangazi kimeanza.

Alasiri ndiyo saa ambayo Mama Feza wa jirani anakuja kukaa kwenye benchi la baraza yangu, akitoka shamba. Nyumba yake anaiona kutoka hapo, lakini benchi la wenzake ndilo tamu. Anamsalimu mume wangu. Mimi hanisalimu, wala mimi simsalimu, tangu mbuzi wake alipomaliza sombe yangu yote, mihogo ikabaki miti mitupu, na mimi nikasema nilichosema juu ya mbuzi na mwenyewe. Silifuti hata neno moja.

Jumanne, 10

Saidi amefuta kila kitu na kuiwekea Windows upya. Siku nzima. Alasiri, yeye mwenyewe akiwa amekaa mbele yake, buluu. Angalau nilimwona akiona haya.

Haya yenyewe haikudumu. Akasema mashine imezeeka, afadhali tuiuze, na yeye anamjua mnunuzi. Kumbe.

Alhamisi, 12

Buluu wakati inahifadhi. Sura ya tatu imefunguka ikiwa visanduku vitupu badala ya herufi, ukurasa baada ya ukurasa. Sura ya tatu ni safari zangu za Wamaza. Ni zile shule nilizozifuata kwa pikipiki na kwa miguu, watoto niliowasikiliza wakisoma, matope niliyoanguka ndani yake. Nakala niliyo nayo kwenye flash ni ya zamani, nusu yake haimo.

Nililia. Mume wangu akasema, pole. Pole!

Jumamosi, 14

Nimeijua.

Alasiri nilivuta meza ili nichomoe kila kitu kilichochomekwa nyuma. Kibodi, yangu. Mausi, yangu. Waya mweupe mwembamba, si wangu. Niliufuata. Unapanda ukuta nyuma ya pazia, unapita kwenye nondo za dirisha, unatoka barazani. Nikafunua pazia.

Mama Feza. Simu yake iko kwenye ukingo wa dirisha, mdomo wa waya umo ndani ya simu, na yeye anauchezesha kwa vidole, kushoto, kulia, atafute pale unapokubali. Akauchezesha tena. Nyuma yangu skrini ikawa buluu.

Niliung'oa waya ule kwa nguvu hata pazia likaanguka.

Mume wangu alikuwa anajua. Ndiye aliyeupitisha dirishani, ili yule mwanamke asilazimike kuingia ndani nikamwona. Wakati mimi nasugua vijiti kwa kifutio, yeye anatazama dari! Nikamwuliza kwa nini. Akasema: "Kwetu Kabambare mutu hanyimi jirani moto. Leo moto iko hii." Nikamwambia kwetu pia tunatoa kaa la moto, lakini anayeliomba hatumpi paa la nyumba. Usiku nilimpakulia ugali, nikarudi kwenye kibodi.

Jumatatu, 16

Hakuna buluu. Jana hakuna, leo hakuna. Naandika Wamaza upya, kwa kichwa na kwa hasira.

Mama Feza anakuja vilevile. Anakaa na simu iliyokufa mapajani. Hilo ndilo linaniudhi zaidi, angekaa kwake.

Mume wangu amenieleza bila kuulizwa. Simu ilitumbukia kwenye maji ya mihogo, mdomo wake ukashika kutu. Wachaji wa sokoni wanaikataa, imeshawaunguzia vyombo. Kadi ya laini imegandia ndani, haihamishiki kwenye simu nyingine. Saidi alijaribu kuitoa akavunja kilango chake. Bila shaka Saidi. Na mtoto wa Mama Feza, Musafiri, anachimba dhahabu Lusangi. Akitaka kumpigia mama yake anapanda mlima kutafuta mtandao. Juma lililopita watu walileta habari ya shimo lililoporomoka huko. Hakuna anayejua nani alikuwa ndani.

Nilimwambia: mbona hukusema? Akasema: ungesikia?

Nilirudi kwenye sura ya tatu. Sikuandika vizuri.

Ijumaa, 20

Nimekabidhi. Msimamizi aliipima kwa mkono kana kwamba anauziwa samaki, akasema ni nene. Hajafungua hata jalada. Nilitaka kufurahi zaidi ya hivi.

Jumamosi, 21

Leo nilipeleka waya barazani mwenyewe. Haupiti tena kwenye kompyuta. Nimeutoa moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha betri ya jua, ambacho kina tundu la simu. Kikiungua, kimeungua.

Lakini mdomo wa ile simu haukubali bila kushikwa. Lazima uubane kwa kidole, upande, na usitikisike. Vidole vya Mama Feza haviachi kuuchezesha. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi langu nikaushika mimi. Mbuzi wake alipita, akatutazama. Kidole kilikufa ganzi.

Simu ikawaka. Ujumbe wa kampuni ukaingia: umepigiwa. Mama Feza hasomi, akanigeuzia simu. Musafiri alipiga. Alipiga mara kadhaa, zote Jumapili. Jumapili ni kesho yake ya siku ile niliyong'oa waya.

Nilimsomea jina na siku. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake tangu mambo ya mbuzi. Akafunika uso kwa kitenge. "Basi iko muzima," akasema. "Mutoto wangu iko muzima." Siku yenyewe hakuisemea kitu. Labda hakuihesabu. Labda aliihesabu.

Tulimpigia, hapatikani. Yuko chini ya mlima. Tulingoja mpaka betri ya jua ikaanza kulia.

Amesema atakuja kesho. Nimesema sawa.

Bado simpendi. Anatafuna karanga kwa sauti na mbuzi wake hana adabu. Benchi lile ni gumu sana, sikuwahi kulijua. Kesho nitatoka na mito, wake na wangu.